“Went”, “turned”, “grew”, “fell” au “became”? Kuchagua kitenzi unaposimulia mwendo na mabadiliko kwa Kiingereza

Kwa Kiswahili, kusema kwamba kitu kilikuwa hivi kikawa vile hakuna taabu. Tuna zeeka, nenepa, konda, kauka, iva, chacha, pona, nyamaza, tajirika. Kila badiliko lina kitenzi chake. Unakitia -li- na habari imefika. Kiingereza nacho kina vitenzi vya aina hiyo, kama “ripened” na “dried”, lakini mabadiliko mengi hukieleza kwa kitenzi cha mwendo kilichoshikana na kivumishi. Mzee “grew old”, maziwa “went bad”, kisima “ran dry”, mgonjwa “fell ill”. Wala vitenzi hivi havibadilishani nafasi. Hakuna aliyezaliwa na lugha hiyo atakayesema “went old” au “ran ill”.

Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Kisumu: wanaoandika ripoti za kazini, wanaorudia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wakiwa watahiniwa wa kibinafsi, na vijana wanaotaka kuwa waandishi wa habari. Wote hukwama hapa, hata wenye msamiati mpana. Naamini sana kwamba hawakwami kwa uzembe. Kiswahili kimeyapanga mabadiliko kwa njia yake na Kiingereza kwa njia nyingine, na anayeiona mipango yote miwili huanza kuchagua bila kubahatisha. La kujiuliza ni kwamba badiliko lilisafirije: lilianza tu au lilidumu, lilikwenda polepole au ghafla, nani alilisukuma, na liliishia pazuri au pabaya.

Kuingia katika hali, au kuwa ndani yake

Naanza na “slept” kwa sababu ndiyo inayotuponza wengi. Tunasema “nililala saa nne”, kisha tunaandika “I slept at ten”. Sisi Wakenya tunaelewana. Msomaji wa kwingine, kwake “slept” ni usingizi wenyewe kwa urefu wake, kama “I slept for six hours”. Ukitaka kusema ulikwenda kitandani, ni “I went to bed at ten”. Ukitaka kusema usingizi ulikuchukua, ni “I fell asleep at ten”.

Tofauti hii si ya mapambo. Mlinzi wa usiku wa ghala akiandika katika maelezo yake “I slept at two”, mwajiri hawezi kujua kama aliacha lindo akaenda kujilaza, au alikuwa kitini usingizi ukamwiba. “Went to bed” inampa hiari. “Fell asleep” inamwondolea. Kazi ya mtu inaweza kutegemea hapo.

Neno lala ni moja tu katika kundi kubwa. Vaa, beba, shika, jua, keti na simama yote hubeba mawili: tendo la kuingia katika hali, na hali yenyewe. Kiingereza kwa kawaida hukata katikati:

“She put on her raincoat and left” ni alivaa koti la mvua akaondoka. “She wore a raincoat” ni alikuwa amelivaa. Ukiandika “she wore her raincoat and left”, msomaji anamwona akiwa na koti tangu mwanzo, na tendo la kuvaa limepotea.

“He picked up the basin” ni alilibeba beseni kutoka chini. “He carried the basin” ni alitembea nalo.

“I found out yesterday” ni nilijua jana, kwa maana ya kupata habari. “I knew yesterday” ina maana kwamba jana tayari ulikuwa unajua, na mwenzako anaweza kukuuliza mbona hukusema.

“Sat” na “stood” ni laini zaidi, maana Kiingereza chenyewe huyatumia pande zote mbili. Hata hivyo “sat down” na “stood up” huondoa shaka.

Kipimo ninachowapa wanafunzi kimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Jaribu kuweka “alikuwa ame-” mahali pa “ali-”. Ikiwa maana yako haibadiliki, unazungumzia hali: “was wearing”, “wore”, “was asleep”, “was holding”. Ikiwa sentensi inaharibika, au ikiwa baada yake inafuata -ka- ya tendo jingine (alivaa akaondoka, alibeba akaenda), unazungumzia kuingia, na unahitaji “put on”, “picked up”, “fell asleep”, “caught hold of”. Sijaona kanuni ya vitabu vya Kiingereza inayomsaidia Mswahili haraka kuliko hii.

Familia ya “became”

“Became” ndiyo salama kuliko zote, na kwa sababu hiyo watu huichosha. Ina mwendo ndani yake: katika Kiingereza cha kale asili yake ilimaanisha kufika, na “came” bado inaonekana humo. Ni kitenzi cha kufika bila kueleza njia. Hupokea nomino na kivumishi, hufaa maandishi rasmi, na haisemi kama jambo lilikuwa zuri au baya. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 2001 mji ukatangazwa kuwa jiji: “Kisumu became a city in 2001.” Nakuru ikafuata: “Nakuru became a city in 2021.” Lakini ukitaka msomaji aione miaka mia moja ya kati, andika “Kisumu grew from a railway terminus into a city.” Na ukitaka aone kwamba kuna mamlaka iliyotoa cheo, andika “was granted city status”. Sentensi zote tatu za Kisumu ni kweli. Mimi katika ripoti ningetumia ya kwanza, na katika makala ya historia ya pili. Kitu kimoja tu: “became to be” haipo. Ni “became” peke yake, au “came to be”.

Tazama sasa giza, maana hapo vitenzi vinne vinasimama bega kwa bega na kila kimoja kinasema lake.

“It got dark” ni saa kumi na mbili imepita na giza likaingia, katika maongezi ya kawaida. “It grew dark” ni giza lile lile likisimuliwa kwa utulivu, likija kidogokidogo. “The sky turned dark” ni wingu linalotoka ziwani mchana na kubadilisha sura ya anga huku wavuvi wa Dunga wakiangaliana. “The whole estate went dark” ni stima kupotea. Hakuna kamusi itakayokupa tofauti hizo ukitafuta “giza liliingia”, lakini mtu aliyezisikia mara moja hawezi kuzichanganya tena.

Kutokana na hapo unaweza kuona tabia ya kila mmoja. “Grew” ni ya polepole na hupenda hali zinazoongezeka: “grew old”, “grew tired”, “grew impatient”, “grew louder”. Ina hata ya moyoni, “she grew to like Nakuru”, yaani alizoea mpaka akaupenda. “Got” ni ya mdomoni, ya mambo ya kila siku na hali zinazopita: “got wet”, “got hungry”, “got stuck”, “got married”. Katika barua ya kazi ipunguze. Katika mazungumzo usiiogope, kwa kuwa anayesema “I became wet” husikika kama anasoma hotuba.

“Turned” ni badiliko la sura: rangi, ladha, hali ya hewa, tabia. Maziwa “turned sour”, majani “turned yellow”, umati uliokuwa ukiimba “turned violent”. Pia ni ya umri: “she turned eighteen” ni alitimiza miaka 18. Ikiwa kitu kinaacha asili yake na kuwa kingine, ongeza “into”. Barabara ya Ahero wakati wa mafuriko ya Nyando “turned into a river”; ukiandika “became impassable” umetoa taarifa ileile kwa msafiri, ila picha imeondoka. Gazeti linaweza kuchagua yoyote. Ripoti ya mhandisi ichague ya pili.

“Went” ndiyo yenye siri kubwa. Karibu kila mara inapobeba badiliko, mambo yameharibika: “went bad”, “went wrong”, “went blind”, “went deaf”, “went bald”, “went mad”, “went bankrupt”. Omena walioachwa bila kuanikwa “went bad”. “Came”, kinyume chake, huelekea pazuri au panapostahili: ndoto “came true”, aliyezimia “came round”, soko lililokuwa kimya “came alive”. Mwanaisimu Eve Clark alieleza jambo hili mwaka 1974: “come” humleta mtu au kitu kwenye hali ya kawaida, na “go” humtoa humo. Zipo zinazokataa kufuata mkondo, kama “went viral”, ambayo yaweza kuwa heri au shari, na “came loose”, ambayo kwa gurudumu la tuktuk si heri hata kidogo. Lakini ukiwa huna uhakika, elekea huko. Na ukumbuke mipaka: uzee, uchovu na ugonjwa havipokei “went”.

Neno letu potea linaonyesha faida yake. Mtoto sokoni Kibuye “got lost” ikiwa yeye ndiye asiyejua njia. Labda mama yake anamwona kwa mbali. “Went missing” ni pale ambapo watu wake hawajui alipo, na ndilo neno la tangazo la kutafutwa. “Disappeared” ni nzito zaidi, kana kwamba hakuna aliyeona alivyoondoka. Nasisitiza hili kwa wale wanaoandika matangazo ya watoto kwenye mitandao: kwa mtoto anayetafutwa, andika “went missing”.

Inabaki “fell”, ambayo mimi naipenda kwa sababu inakutana na Kiswahili uso kwa uso. Sisi tunasema usingizi ulimchukua, homa ilimshika, hofu ilimwingia, maradhi yalimpata. Kwetu hali ndiyo inayomjia mtu. Kiingereza humwangusha mtu ndani ya hali: “fell asleep”, “fell ill”, “fell in love”, “fell into debt”. Katika lugha zote mbili mtu hakuchagua. Basi kila unapojikuta unataka kuandika “shikwa na” au “patwa na”, jaribu “fell” kwanza. Chumba cha mkutano kilichonyamaza ghafla “fell silent”. Haifanyi kazi kwa hasira, ambayo ni “got angry” au, ikiwa kali, “flew into a rage”.

“Ran” ni ya vitu vinavyopungua na kwisha: “ran dry”, “ran low”, “ran short”. Inatosha.

Maji yalipanda, au kuna aliyeyapandisha

Hapa Kiswahili kinatupa msaada wa bure na hatuutumii. Panda na pandisha, anguka na angusha, lala na laza: tunaongeza -sha au -za, na kila mtu anajua kwamba sasa kuna msukumaji. Kiingereza cha zamani kilifanya kazi hiyohiyo kwa kubadilisha irabu, na masalia yake ndiyo yanayotutesa leo.

“The lake rose” ni ziwa lilipanda. “Heavy rains raised the lake” ni mvua kubwa ziliyapandisha maji yake. “Prices rose” ni bei zilipanda. “The trader raised the price” ni mfanyabiashara aliipandisha. “The tree fell” ni mti ulianguka wenyewe. “They felled the tree” ni waliuangusha kwa shoka au msumeno. “He lay on the mat” ni alilala mkekani. “He laid the mat on the floor” ni aliutandika. Hii ya mwisho ndiyo ngumu, maana “lay” ya wakati uliopita inafanana na “lay” ya sasa yenye maana ya kuweka. Usipotaka kuhangaika, “was lying” na “put” zitakuvusha salama.

Angalia jinsi uchaguzi unavyogusa ukweli. Ziwa Nakuru lilianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, likafunika lango kuu la hifadhi na barabara zake. Ukiandika “the lake rose”, umesema ulichokiona. Ukiandika “was raised”, umemwambia msomaji yupo aliyelipandisha, na sasa unadaiwa jina lake. Vivyo hivyo kwa flamingo wa ziwa hilo. Maji mengi ya mvua yaliupunguza ukali wa magadi, mwani wanaoula ukapungua, na ndege wengi wakahamia maziwa mengine, Bogoria likiwemo. “The flamingos moved” ni sahihi. “Fled” ingemaanisha kuna kilichowatisha. “Disappeared” ingemnyima msomaji habari kwamba wapo na wanaonekana kwingine. Mwandishi wa habari anayejali mahali anapoishi hachagui neno hapo kwa mvumo wake.

Tahadhari kwa upande wa pili: vitenzi vingi vya Kiingereza havina tofauti yoyote. “The bus stopped” na “the driver stopped the bus” hutumia neno moja, sawa na “moved”, “opened”, “dried”, “broke”, “changed”. Kwa kuwa tumezoea -sha, tunaitafuta hata pasipokuwepo na kuandika “he made the bus to stop”. “He stopped the bus” inatosha. Na kwa “grew” ni hivyo hivyo: “maize grew” ni mahindi yalimea, “we grew maize in Trans Nzoia” ni tulilima mahindi.

Njia kwenye kitenzi, au namna kwenye kitenzi

Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy aligawanya lugha kwa jinsi zinavyosimulia mwendo. Kundi moja huweka njia ndani ya kitenzi, na Kiswahili kimo humo: ingia, toka, panda, shuka, vuka. Namna ya kwenda inafuata nyuma: alitoka mbio, aliingia akinyata, alivuka akiogelea. Kiingereza hugeuza mpangilio. Namna ndiyo inayokuwa kitenzi na njia inabaki neno dogo: “ran out”, “crept in”, “swam across”, “limped down the hill”.

Ukifuata mpangilio wetu utaandika “he went out running”, na msomaji atadhani alikwenda kufanya mazoezi ya asubuhi. “He ran out” ndiyo alitoka mbio. Kwa simulizi ya tukio, anza kwa kujiuliza miguu ilifanya nini, kisha ongeza “in”, “out”, “up”, “down” au “across”.

Vipo vitenzi vya Kiingereza vinavyofanya kama vyetu: “entered”, “descended”, “alighted”. Ni vya rasmi. Katika maelezo ya polisi “I alighted at Kondele” haina kasoro, na Kenya nzima inalipenda neno hilo. Katika simulizi kwa rafiki wa nje, “I got off at Kondele” inakaa vizuri zaidi. Pikipiki na basi ni “got on” na “got off”; gari dogo na tuktuk ni “got into” na “got out of”. “Entered” haihitaji “into” kwa nyumba au chumba. “Entered into” ni ya mikataba.

Kufika nako kuna mtego mdogo. “Reached” hudai mahali: “I reached Kisumu at noon.” Ukiwa huna mahali pa kutaja, ni “I arrived” au “I got there”. “I reached” peke yake, tunayoiandika kwenye simu kila siku, humwacha msomaji wa nje akingojea mwisho wa sentensi. Na “returned back” ina neno moja zaidi ya linalohitajika.

-li-, -ka- na -me-

Mfululizo wa -ka- (akaenda, akaingia, akawa) wote huwa wakati uliopita wa kawaida: “went, entered, became”. Hakuna haja ya “then” kila mahali.

-Me- ndiyo inayotaka uangalifu. “Ziwa limepanda” ni “the lake has risen”, kwa sababu maji bado yako juu. Ukishataja mwaka au siku iliyokwisha, rudi kwenye “rose”: “the lake rose in 2020”, kamwe si “has risen in 2020”. Kwa safari, “she has gone to Nakuru” ina maana bado yuko huko au njiani. Akisharudi, ni “she has been to Nakuru” bila tarehe, au “she went to Nakuru in March” ikiwa tarehe inatajwa.